Tableti Ndani ya Kitambaa Cheupe

Kaa alimtangulia Waride kuingia dukani.

Ilikuwa siku ya gulio. Stendi ya Kibiti ilikuwa imejaa mabasi ya Lindi na Mtwara, wauza korosho wakinyoosha vifuko madirishani, na kila duka likipiga muziki wake. Waride alishuka kwenye bodaboda akitokea Nyamisati na tenga la kaa wa mfano, wale ambao wanunuzi huwatazama kabla ya kupatana. Kamba ya ukindu ikalegea. Kaa mmoja mkubwa, magando wazi, akaanguka chini, akajitazama, akachagua duka la simu.

"Mshikeni! Jamani, mshikeni huyo!"

Hakuna aliyemshika. Watu waliruka kumpisha kama anavyopishwa mkuu wa wilaya. Waride alipoingia mbio, baibui amelikusanya mkononi, kanga ya rangi ya chungwa imemteleza begani, alimkuta mwenye duka amepanda juu ya kiti. Ni kijana mwembamba, ndevu changa, shati la buluu lililopigwa pasi vizuri. Aliitwa Muhidini.

"Kaka, shuka. Kaa hali simu."

"Mtoe kwanza, dada. Habari za kushuka tutazungumza baadaye."

"Mwanamume mzima!"

"Mwanamume mzima ana vidole kumi, na anavipenda vyote. Sisi kwetu Umatumbini, milimani, mdudu mwenye miguu kumi hatumsalimu."

Waride alicheka huku amepiga magoti. Alimkandamiza kaa mgongoni kwa kandambili, akamshika kwa nyuma, akamfunga magando, akamrudisha tengani. Aliposimama, mikono yake ilikuwa imejaa tope. Alitazama huku na huku, asijue aipanguse wapi. Muhidini alikuwa ameshashuka. Alileta kopo la maji na sabuni, akammiminia taratibu mpaka tope lote likatoka, kisha akampa taulo safi. Wako watu wangeanza kwa kulalamikia sakafu.

"Ahsante," alisema Waride, na sauti yake ilikuwa imepungua ukali. "Basi niuzie kitu, nisiwe nimekuchafulia duka bure. Una tableti?"

"Ninazo. Ya kutazamia sinema?"

"Ya kuandikia mikutano."

Muhidini alimtazama tena. Aliona kalamu imechomekwa kwenye mtandio, juu ya sikio. Waride akamweleza. Tangu soko lilipokuwa huria na wanunuzi binafsi kushuka mpaka ndani ya delta, wavuvi wa kaa wa kata ya Salale walikuwa wameunda umoja wao, na yeye ndiye katibu. Kila mkutano aliuandika kwa mkono wake. Lakini mwisho wa mwezi wanunuzi wapya walikuwa wanakuja kutoka Dar es Salaam, na mwenyekiti, Mzee Sadala, alikuwa ametangaza kwamba zama za katibu wa daftari zimekwisha. Atakayekuja na mashine ndiye atakayekalia kiti. Na mpwa wake mwenyewe, Kibwana, alikuwa amerudi kutoka mjini na laptopu.

"Kwa hiyo wamekwisha chagua," alisema Muhidini.

"Wamechagua wao. Mimi sijachagua. Wamesema mashine, nitakwenda na mashine. Tuone watatafuta sababu gani nyingine."

Muhidini alitoa tableti tatu, akazipanga kwenye kioo cha kaunta. Kubwa kuliko zote iling'aa kama sahani ya harusi.

"Hii ndiyo wanayobeba mabosi," alisema. Kisha akairudisha kabatini mwenyewe. "Lakini wewe sikuuzii."

"Kwa nini? Pesa yangu inanuka kaa?"

"Mikutano yenu mnakaa wapi?"

"Mkekani. Wakati mwingine ndani ya boti."

"Meza je?"

"Meza ni paja langu."

"Basi hiyo itakuchosha mkono kabla mwenyekiti hajamaliza salamu. Hebu kaa." Alitandika mkeka mdogo wanaoswalia wateja, nyuma ya kaunta, mlango ukiwa wazi. "Mimi ni mnunuzi kutoka Dar. Naongea haraka. Andika."

Akaanza kuropoka kuhusu barafu, magari na kaa wenye gando moja. Waride aligusa herufi kwenye kioo cha tableti ya pili, moja baada ya moja, kichwa ameinamisha. Baada ya muda mfupi aliisukuma pembeni.

"Hapana. Nikitafuta herufi siwaoni watu. Katika mkutano, mtu akisema ndiyo nami namwona macho yameelekea mlangoni, najua bado hajakubali. Nataka kuandika kwa mkono, macho yangu yawe juu."

"Ya kalamu, basi."

"Ziko za kalamu?"

"Ziko. Njoo nje."

Walitoka na ile ya pili mpaka kwenye jua kali la mchana. Waride aliitazama akaangua kicheko.

"Naona pua yangu tu!"

"Ndiyo nilitaka uone hapa, usije ukaona Salale. Itataka karatasi ya kuzuia mng'ao. Na ile ndogo ya tatu, mstari mmoja unakaa maneno matatu. Salale kuna umeme?"

"Kuna jua."

"Basi ya saizi ya kati, yenye kalamu, chaji ya kutwa nzima, inayokubali laini ya simu ili utume maandishi siku ile ile. Hapa sina. Nitaagiza Kariakoo. Ila kule nako feki ni nyingi, itabidi niipate kwa mtu ninayemwamini."

Waride alifungua pochi. "Nalipa yote sasa hivi."

"Unaweza kulipa nusu."

"Yote. Sitaki siku moja mtu aseme nilipewa."

Mama muuza maandazi aliyekuwa kizingitini alimwambia mwenzake, "Huyo binti ana maneno," naye mwenzake akajibu, "Na yule kijana ana masikio."

*

Siku zilizofuata simu zilianza.

"Halo, Katibu."

"Mzigo umefika?"

"Bado. Nilitaka kujua kama kaa wangu hajambo."

"Wako tangu lini? Anakusalimu. Anauliza kama umeshuka kwenye kiti."

"Mwambie nimeongeza kiti cha pili."

Siku nyingine Waride ndiye aliyepiga, akitafuta sababu.

"Muhidini, ile kalamu ikidondoka majini?"

"Utapoteza kalamu."

"Mimi hupoteza kalamu sana."

"Najua. Ile siku ulikuwa na moja sikioni ukawa unaitafuta kwenye pochi."

"Uliniona?"

"Nilikuona." Akapunguza sauti ya redio ya dukani. "Umekula?"

"Nimekula wali wa nazi na pweza. Wewe?"

"Mihogo. Mimi ni maskini wa Mungu."

"Siku ukipungua uoga nitakupikia kaa." Mlio wa boti ulisikika. "Sasa tunaingia kwenye mikoko, mtandao utakatika."

"Ukikatika nitasubiri utoke kwenye mikoko."

Mtandao ulikatika. Waride aliendelea kuishikilia simu sikioni, na mwanamke aliyekaa naye kwenye boti akageukia upande wa pili ili asimtie haya.

*

Tableti ilifika Ijumaa, kwa basi la asubuhi. Waride alikuwa bado ndani ya delta. Alikuwa amesema ikija ipelekwe nyumbani kwa shangazi yake, Bi Mwanamina, nyuma ya stendi, ili akirudi aikute.

Hapo ndipo Muhidini alipotaka kufanya kila jambo vizuri. Aliichaji mpaka ikajaa. Akabandika karatasi ya kuzuia mng'ao, akiivuta kwa subira isibaki hata kipovu kimoja. Manyunyu yalikuwa yameanza na barabara ina vumbi na tope kwa pamoja, kwa hiyo akatafuta kitu safi cha kuifungia. Alikuwa na kitambaa cheupe kipya, akaifunga humo kwa mafundo mawili. Kisha akafikiri: nyumba ya watu ina binti ambaye hajaolewa, si adabu kwenda peke yangu. Akamwomba mjomba wake, Mzee Mrisho, amsindikize. Wakaenda moja kwa moja kutoka msikitini, wote wawili wamevaa kanzu na kofia za viua.

Kwa watu wa pwani, barua ya posa hufungwa kitambaa cheupe. Huletwa na mzee. Ijumaa ndiyo siku yake njema.

Bi Mwanamina alikuwa uani akichagua mchele. Alipoona kanzu mbili mlangoni na kitambaa cheupe juu ya viganja vya kijana, ungo ulimtoka mkononi.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu, karibuni, karibuni ndani!"

"Tumeleta amana ya Waride," alisema Muhidini kwa heshima. Mzee Mrisho, ambaye hakuwa ameelezwa zaidi ya hapo, akaongeza kama wazee wanavyosema, "Ni kheri tupu, Bi Mkubwa."

Bi Mwanamina alipokea kwa mikono miwili. "Tumepokea. Mwenyewe akirudi na wenyewe wakikaa, mtasikia."

Muhidini aliaga akifurahi kwamba mama yule ni mwangalifu sana. Hawajafika kona, kigelegele cha kwanza kilipasuka uani, kikajibiwa na nyumba ya pili, kikapokelewa na ya tatu.

"Leo kuna harusi huku?" aliuliza Muhidini.

"Kheri ya watu," alisema Mzee Mrisho.

*

Waride alirudi Jumapili mchana, chumvi imemkauka miguuni. Majirani walimtazama kwa meno yote.

"Hongera, mwali!"

"Hongera ya nini?"

Shangazi alimvuta ndani, akamkalisha kitandani, akampa habari machozi yakimlengalenga. "Umeposwa, mwanangu. Na yule kijana wa duka la simu. Ni Mmatumbi, lakini ana adabu kama aliyezaliwa hapa. Barua nzito, sijapata kuona! Nimeifungia sandukuni mpaka baba yako mkubwa Gharibu aje kutoka Mafia mwezi ujao."

Moyo wa Waride ulipiga mara mbili tofauti. Pigo la kwanza lilikuwa furaha. La pili lilikuwa hasira, nalo ndilo lililompeleka kwenye simu.

"Muhidini! Umeleta posa kwetu?"

"Posa? Mimi?"

"Mtaa mzima unanipa hongera. Mimi hukuniuliza. Niko kwenye mikoko nahangaika na watu, nyuma unanipangia maisha? Wewe na Mzee Sadala mna tofauti gani?"

"Waride, ngoja. Nimeleta tableti yako."

Waride aligeuka. Akatazama sanduku la shangazi. Barua nzito.

"Tableti yangu," alisema polepole, "niliyoilipia mwenyewe. Umeniposa kwa mali yangu mwenyewe?"

"Sikukuposa! Wallahi sikukuposa. Kilikuwa kitambaa tu, cha manyunyu. Sikuwa na nia hiyo kabisa."

Huenda aliona anamtoa wasiwasi. Lakini yako maneno ambayo mwanamke hata akiwa amekasirika kuposwa hapendi kuyasikia.

"Kabisa?" aliuliza Waride.

"Sikusema... yaani..."

"Kwa hiyo hunitaki."

"Sikusema hivyo, Katibu."

"Basi umesemaje?"

Muhidini alitafuta neno. Dukani kulikuwa na wateja wawili na redio. Alichelewa. Waride akakata simu, na alipopigiwa tena hakupokea.

*

Mkutano ulikuwa Jumanne. Jumatatu asubuhi Waride aliomba ufunguo.

"Posa haifunguliwi na anayeposwa," alisema Bi Mwanamina. "Tangu bibi zetu."

"Shangazi, si posa. Ni kompyuta ya kuandikia. Amesema mwenyewe."

"Kilikuja na kanzu mbili, Ijumaa, mbele ya majirani. Nikikirudisha, tumemkataa kijana wa watu. Nikikifungua, tumemkubali. Sina njia ya tatu, mwanangu. Subiri Gharibu aje."

"Gharibu akija mwezi ujao mimi sitakuwa katibu. Nitakuwa ninagawa chai." Waride alisimama katikati ya chumba, kanga ameikaza kiunoni. "Mimi ndiye ninayeposwa, mimi ndiye nisiyefungua, mimi ndiye nisiyesema ndiyo wala hapana. Na mkutanoni vivyo hivyo, mimi ndiye ninayeandika, mwingine ndiye anayekalia kiti. Mpaka lini, Shangazi? Kama njia ya tatu haipo nitaikata."

Bi Mwanamina aliinuka. Alitoka kwenda jikoni, na Waride akabaki ameegemea sanduku. Mama huyu aliolewa akiwa na miaka kumi na mitano, na hakuna aliyemwuliza neno. Labda alikumbuka hilo alipokuwa akipuliza moto. Aliporudi alileta chai ya tangawizi na chapati kwenye sinia, akaliweka sinia chini, akatoka tena bila kugeuka. Kando ya kikombe palikuwa na ufunguo.

Waride hakufungulia chumbani. Alikitoa kitambaa mpaka uani, majirani wakiwa kisimani, akafungua fundo la kwanza.

"We Waride!" mmoja alipiga kelele. "Ukifungua umekubali!"

"Kufungua si kukubali. Jibu langu liko kinywani mwangu, na mtalisikia siku nitakapolitoa."

Akafungua fundo la pili.

Aliiwasha juani. Maandishi yalionekana safi, wala pua yake haikuwemo. Chaji ilikuwa imejaa. Kisha akaona jambo lililomkalisha chini. Kalamu yake ilikuwa imefungwa kwenye kava kwa uzi wa mshipi wa kuvulia samaki, uzi mwembamba, imara, mrefu wa kutosha mkono kuandika, mfupi wa kutosha kalamu isifike majini. Mtu alikuwa ameketi akafikiri juu ya mwanamke anayepoteza kalamu.

"Sikuwa na nia kabisa," Waride alimwigiza Muhidini, peke yake. "Mwongo mkubwa wewe."

*

Jumanne walikutana Nyamisati, kwenye ukumbi wa wazi wa umoja, mikeka imetandikwa, wanunuzi watatu wamepewa viti. Waride alivaa baibui lake jipya lenye nakshi za fedha, na kitambaa cheupe akakifunga mkononi, makusudi.

"Leo ataandika Kibwana," alisema Mzee Sadala. "Binti yetu Waride atatusaidia chai."

"Chai imekwisha chemshwa, ipo kwenye chupa, na kila mtu ana mkono," alijibu Waride. Akakaa mstari wa mbele, tableti pajani. "Ulisema mashine, Mwenyekiti. Mashine hii hapa. Kama neno lako limebadilika, nitaliandika hilo kwanza."

Watu wa Salale waliangua kicheko. Mzee Sadala alijikohoza na kufungua mkutano.

Wanunuzi waliongea haraka kama Muhidini alivyowaigiza. Kibwana alihangaika na laptopu juu ya magoti, inateleza, anaikamata, maneno yanampita. Waride aliandika macho yakiwa juu. Alimwona mkubwa wa wanunuzi, Bi Siti, mama mnene mwenye miwani, akisema kaa watapimwa uzito hapa hapa kando ya maji na si Dar, ambako wengi hufika wamekwisha nyauka. Alimwona pia Bi Siti akimtazama mwenzake kama mtu aliyejikwaa ulimi. Akainua kalamu papo hapo.

"Samahani, Bi Siti. Nimeandika 'kaa watapimwa Nyamisati, mbele ya mvuvi'. Nisome tena, au unataka kurekebisha?"

Bi Siti alivua miwani, akaifuta, akatabasamu. "Hapana, mwanangu. Nimesema, na umenikamata ningali nasema. Iache kama ilivyo. Nitumie leo leo."

"Na huyu Kibwana ameandikaje?" aliuliza Mzee Sadala, akitafuta pa kushika.

Kibwana alifunga laptopu. Hakuwa kijana mbaya. "Mjomba, mimi nimeandika salamu na dua. Mwacheni dada kwenye kiti chake. Mimi nitagawa chai."

Akasimama kweli, akagawa. Alianza na Waride.

*

Alasiri stendi ilikuwa imejaa kama kawaida. Muhidini alikuwa ameinama kaunta, shati leo halikupigwa pasi, alipoona kitambaa chake cheupe kinawekwa mbele yake. Kimefungwa mafundo mawili.

"Nimekirudisha," alisema Waride.

Muhidini hakukigusa. Hata mtoto wa milimani anajua posa inayorudishwa maana yake nini. "Waride, nisikilize. Ile siku nilisema vibaya. Nia niliyokuwa nayo ilikuwa kubwa kuliko kitambaa, ila sikutaka kuipitisha mlango wa nyuma. Nilitaka nikuulize wewe kwanza. Nikachelewa."

"Fungua."

Alifungua. Gando jeusi lilichomoza, na Muhidini akawa juu ya kiti kabla kitambaa hakijaanguka. Kaa, aliyefungwa ukindu barabara, hakuweza hata kusogea. Mama wa maandazi alicheka mpaka akashika ukuta.

"Kile kiti cha katibu ni changu, Muhidini. Nimekikalia leo mbele ya wote. Na nitaendelea kupanda boti, na kuingia kwenye mikoko, na kubishana na wenyeviti. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sasa niulize. Mimi. Hapa hapa, watu wasikie."

"Nishuke kwanza?"

"Uliza ukiwa huko huko juu."

Muhidini aliishika rafu ya chaja kwa mkono mmoja. Mara hii hakuchelewa. "Waride, utakubali nikuoe, uandike mikutano yako yote, nami niwe nakungoja utoke kwenye mikoko?"

Waride alimnyooshea mkono ashuke. Alikuwa anatabasamu, na macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Ijumaa mwambie Mzee Mrisho avae kanzu," alisema. "Na safari hii mlete barua. Tableti ninayo."